Fizi: Anayevuka Ndiye Anayehesabiwa

Lusenda, katika eneo la Fizi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, kuna sehemu mbili zinazotumia jina moja. Moja ni kijiji cha wenyeji, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Nyingine ni kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa Juni 2015. Ukiuliza kambini wako watu wangapi, utapewa hesabu ya mwezi: wanaume, wanawake, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, waliozaliwa, waliorudi kwao. Kila mmoja ana jina kwenye orodha ya Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, na ya shirika la UNHCR, na wengi wamechukuliwa alama za vidole. Ukienda kijijini na swali hilohilo, chefu atakutajia kadirio. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule ambaye kila mtu humwita titulaire, atakutajia jingine.

Majirani hawa wanachota maji ya ziwa moja na kununua ndagala (dagaa) soko moja, ila mmoja anajulikana kwa jina na mwingine kwa asilimia. Ndivyo ilivyo karibu Fizi nzima. Mtu wa huku huhesabiwa sawasawa akishavuka mpaka, akishapanda meli, akishakuwa mgeni wa mtu. Akibaki kwake, serikali yake humkadiria.

Na si eneo dogo la kusahaulika kwenye pembe ya ramani. Teritwari ya Fizi, kusini mwa jimbo la Kivu Kusini, ina karibu kilomita za mraba 15,800, zaidi ya nusu ya ukubwa wa Burundi yote. Ina sekta nne: Tanganika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Wabembe ndio wengi, na pamoja nao wanaishi Wabuyu, Wabwari, Wazoba, Wafuliiru, Banyamulenge na wengine. Makao makuu ya utawala yako Fizi-centre, juu mlimani, lakini watu na biashara vimekusanyika Baraka, kilomita 35 hivi kutoka hapo, kwenye ghuba ambayo ramani huiita Burton kwa sababu Richard Burton na mwenzake Speke walipita pande hizo mwaka 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Leo Baraka ina hadhi ya mji, ina meya, na haijawahi kuhesabiwa ikiwa mji.

Kongo imefanya sensa kamili mara moja tu, Julai 1984, enzi za Zaire. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa karibu milioni 30. Makadirio ya leo yanapita milioni 100, na kila tarakimu unayoisoma kuhusu sekta, kijiji au kata ya Fizi ni mjukuu wa ile ya 1984. Hata bibi yao huyo ana doa. Tangu 1967 sehemu za milima ya Fizi zilikuwa ngome ya chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kule Hewa Bora. Novemba 1984, miezi minne tu baada ya sensa, wapiganaji wa chama hicho waliuteka mji wa Moba, kusini zaidi kwenye mwambao huohuo. Ni vigumu kuamini kwamba karani wa Kinshasa alipanda Hewa Bora na daftari lake mwaka huo, akaulizia idadi ya wake na watoto.

Linganisha na India. Sensa ya huko ya 2011 iliandika vijiji zaidi ya 640,000, kimoja baada ya kingine. Leo mtu yeyote anaweza kufungua faili la kijiji kidogo cha Bihar na kuona kaya ni ngapi, wanawake wangapi, wanaojua kusoma wangapi. Faili hilo lina pia sehemu ya usafiri: je, basi linafika kijijini? Kama halifiki, kituo kiko chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au zaidi ya 10? Reli je? Barabara ya lami je? India nayo imechelewa, maana sensa yake ya 2021 iliahirishwa na sasa imepangwa 2027, lakini kijiji chake kina mahali pa kuanzia. Karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilihesabu watu wake Agosti 2022 na kupata 61,741,120, na mkoa wa Kigoma peke yake zaidi ya milioni 2.4. Familia ya Kibembe iliyogawanyika kati ya Kigoma na Baraka ina nusu iliyomo kwenye hesabu hizo na nusu isiyomo popote.

Tujaribu kulijaza faili la namna hiyo kwa kijiji cha Ubwari, ile rasi ndefu inayoikinga Baraka na mawimbi ya ziwa. Basi hakuna. Kituo cha reli kilicho karibu kiko Kalemie kwa kusini, au Kigoma kwa ng'ambo, vyote viwili safari ya boti. Lami hakuna. Umbali hadi hospitali hautajwi kwa kilomita, hutajwa kwa saa za kupiga kasia, kwa bei ya petroli na kwa upepo wa siku hiyo.

Kwa kuwa sensa haipo, hesabu ya Fizi imeangukia mikononi mwa watu wa afya. Teritwari imegawanywa katika kanda za afya, miongoni mwake Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, na kila kanda ina maeneo madogo yenye kituo na titulaire wake. Daftari lake ni kubwa, mistari imechorwa kwa mkono na rula, na juu ya ukurasa wa kwanza wa mwaka kuna tarakimu moja inayotawala zote: idadi ya watu wa eneo. Tarakimu hiyo huongezwa asilimia 3 hivi kila Januari. Kutokana nayo hupatikana wajawazito wanaotarajiwa, asilimia 4 ya watu wote, kisha watoto wa kuchanjwa, kisha dawa za kuagizwa.

Kanuni hii haijui vita. Kwa asilimia 3 kwa mwaka, kijiji cha watu 1,000 mwaka 1984 kilipaswa kuwa na zaidi ya 3,200 mwaka 2024. Kwenye karatasi watu wanaongezeka kwa utulivu, mwaka hadi mwaka, hata ile miaka ambayo kijiji kilikuwa majani matupu na wenyewe wako Tanzania. Kisha hutokea kinyume: watu wanarudi, au wageni wanashuka kutoka milimani, na titulaire anajikuta amechanja watoto wengi kuliko idadi aliyoambiwa kuwa ipo. Ripoti yake inaonyesha amevuka asilimia 100. Mtu wa ofisini atafikiri kazi imekwenda vizuri mno au daftari limedanganya, kumbe ni watoto halisi, wamesimama mstarini na mama zao, na chupa za chanjo zimekwisha kabla ya mstari kwisha. Hiyo ndiyo gharama ya kukosa sensa, na hulipwa na mtoto wa miezi tisa.

Walivyohesabiwa wakiwa nje ni hadithi nyingine. Vita vilipozuka mwaka 1996, watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kwa maelfu. Novemba ya mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu, na nyingine ikafuata Lugufu. Mwaka 1997, baada ya Rais Mobutu kuondoka madarakani, meli kongwe ya Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika muda wa miezi mitano, ikirudisha zaidi ya watu 75,000. Wengi hawakukaa. Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na mwishoni mwa Desemba ya mwaka huo hadi siku za kwanza za Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola. Ziwa likajaa mitumbwi tena.

Oktoba 2005 ndipo meli ya Mwongozo ilipoanza kuwaleta wakimbizi moja kwa moja kutoka Kigoma hadi Baraka. Kila aliyeshuka alikuwa na jina, umri, ukubwa wa kaya na kijiji cha asili kwenye orodha. Pengine ndiyo hesabu bora kuliko zote ambayo watu wa Fizi wamewahi kufanyiwa, na ilifanywa gatini, kwa ajili ya kugawa magodoro, sufuria na mbegu. Baada ya hapo wakaingia barabarani na orodha ikaishia hapo. Wengi hawakuendelea hadi vijiji vya baba zao. Baraka kulikuwa na maji, hospitali, soko na magari, basi wakajenga Baraka. Waliobaki Nyarugusu waliendelea kuhesabiwa kila mwaka, na mwaka 2015 ulipotangazwa mpango wa kuwahamishia Wakongo 32,000 wa kambi hiyo nchi za mbali, hasa Marekani, majina yao yalipita tena mezani, moja moja.

Sasa tuingie barabarani, maana hesabu na barabara Fizi ni jambo moja.

Barabara ya Taifa namba 5, RN5, inatoka Lubumbashi hadi Bukavu kwa kupitia Kalemie. Ndani ya Fizi inapita Misisi na Lubichako penye dhahabu, inapanda Fizi-centre, inashuka Baraka, kisha inafuata ziwa kwenda kaskazini: Lweba, Lusenda, Nundu, Mboko, Swima, Makobola, na hatimaye Uvira. Baraka hadi Uvira ni kilomita 90 hivi. Vijiji vimepangana kandokando ya njia hii tangu Wabelgiji walipowalazimisha watu kushuka na kujenga karibu na barabara ili wahesabiwe, watozwe kodi na kupelekwa kazini. Kati ya mlima na maji mahali pengine kuna nafasi ya mstari mmoja wa nyumba, barabara, mihogo kidogo, basi.

Kiangazi, pikipiki huimaliza safari ya Uvira kwa saa chache. Masika ni habari nyingine. Mito inayoshuka milimani hubeba mawe na magogo, madaraja ya mbao hung'oka, na Fuso lililobeba saruji, chumvi na bia hukwama hadi ekseli. Hapo utaona kazi ya vijana wa kijiji. Kwanza wanapakua mzigo wote, gunia kwa gunia, wanaupanga juu ya turubai. Kisha wanachimba kuzunguka magurudumu, wanajaza mawe na vipande vya mbao, wanafunga kamba mbele, na ishirini wanavuta huku dereva akikanyaga mafuta kidogo kidogo. Likitoka, mzigo unapakiwa upya na malipo yanajadiliwa. Gari la nyuma litakwama hapohapo. Kila kijiji kinajua shimo lake ni lipi na lina thamani gani kwa msimu, lakini wakiitwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kwa ajili ya shule au daraja, haohao ndio wanaokuja na jembe.

Pikipiki ndiyo gari la Fizi. Inabeba abiria wawili, wakati mwingine watatu, inabeba bidoni za mawese, magunia ya unga, kuku wamefungwa miguu, hata jeneza limelazwa kwa upana. Mama mwenye uchungu hupakatwa katikati, dereva mbele na dada nyuma akimshikilia. Isikofika pikipiki, hasa kwenye vijia vya Lulenge na vya nyanda za juu, mgonjwa hulazwa kwenye tipoyi, machela ya miti, na kubebwa mabegani na wanaume wanaopokezana.

Kisha kuna barrière. Utafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark, uliochapishwa 2017, ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, vya jeshi, vya polisi, vya idara mbalimbali na vya makundi yenye silaha. Yaani vizuizi vilikuwa vimehesabiwa, watu wanaovipita bado. Penye kamba ya kizuizi, abiria hushuka na kutoa kadi ya mpiga kura. Ndiyo kitambulisho cha Mkongo wa kawaida, kwa kuwa kadi ya uraia haijamfikia. Kwa hiyo uandikishaji wa wapiga kura mwanzoni mwa 2023 ulijaza foleni ndefu kuliko hamu ya siasa inavyoweza kueleza. Msichana aliyekosa kadi hulipa zaidi kwenye kila kamba anapopeleka ndagala sokoni. Na viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya walioandikishwa: kijiji ambacho mashine haikufika, au ilifika betri ikafa, kimepoteza kitambulisho na uwakilishi kwa siku moja.

Hesabu ya watu huku ni suala la ardhi na mamlaka, kila mtu anajua. Septemba 2020, serikali ilipoizindua rasmi jumuiya ya Minembwe katika nyanda za juu, zogo lilienea hadi Kinshasa, na siku kumi hivi baadaye Rais Félix Tshisekedi akaisimamisha. Chini ya maneno yote kulikuwa na maswali mawili: nani anaishi pale, na ni wangapi. Kila upande ulikuwa na idadi yake. Hakuna aliyeweza kufungua kitabu cha sensa na kuonyesha ukurasa. Sensa isingemaliza ugomvi wa Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Banyamulenge juu ya malisho na mipaka, lakini ingewaondolea wachochezi silaha moja rahisi.

Barabara ikifungwa na matope au risasi, linabaki ziwa. Ndilo njia ya kale na ya uhakika zaidi. Hata Che Guevara, alipokuja kuwasaidia waasi wa Kongo Aprili 1965, aliondoka Kigoma kwa boti usiku na kutua Kibamba, hapahapa Fizi. Novemba mwaka huo akarudi kwa njia ileile.

Boti ya mbao inayokwenda Uvira, Rumonge au Kigoma hupakiwa kwa utaratibu ambao kila mpakiaji anaujua. Vizito huwekwa chini kabisa, katikati: saruji, chumvi, kreti. Juu yake magunia ya mihogo na ndagala kavu, ambayo ni mepesi lakini yanachukua nafasi. Abiria hukaa juu ya magunia, wanawake wenye watoto karibu na katikati, vijana ukingoni. Injini ya nje hufungwa nyuma, na kijana mmoja kazi yake ni kuteka maji yanayoingia kwa kopo, safari nzima. Kabla ya kung'oa nanga, karani wa ufukweni huandika majina. Ila boti husimama Mboko, husimama Swima, na popote mtu anapopunga kitambaa. Wanaopanda huko hawaandikwi.

Ndiyo maana ajali za Tanganyika huwa na hesabu za kubahatisha. Desemba 2014 chombo kilichoitwa Mutambala, jina la mto wa huku Fizi, kilizama upande wa Katanga na zaidi ya watu 100 wakafa. Katika ajali za namna hiyo idadi ya waliokuwamo hupatikana kwa kuokota miili na kusubiri ni familia ipi itakuja kuuliza. Kama hakuna wa kuuliza, mtu amepotea mara mbili.

Na ziwa lenyewe limepanda. Tangu 2020, na tena kwa nguvu mwaka 2024, maji yameingia kwenye nyumba, masoko na fukwe za Uvira, Baraka na vijiji vya kati. Sehemu boti zilipokuwa zinavutwa na kuegeshwa zimemezwa. Familia zimesogea upande wa mlima, kwenye ule ukanda mwembamba ambao tayari ulikuwa umejaa. Nyumba zilizozama hazikuwa na hati, na wakazi wake hawakuwa na namba, hivyo fidia ingeanzia wapi?

Waliokuwa wakisaidia kuhesabu wamepungua. Médecins Sans Frontières, walioendesha huduma Baraka tangu 2003, waliondoka mapema 2021 kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya timu zao. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walimaliza kazi Kivu Kusini Juni 2024. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira yenyewe. Watu wakagawanyika njia mbili. Waliovuka kwenda Burundi waliandikwa mpakani na kambini, na dunia ikapewa idadi yao. Walioshuka kusini kwa RN5 hadi Mboko, Lusenda na Baraka walipokelewa na mashangazi, wajomba na wakwe, vyumba vikagawanywa kwa mapazia, sufuria moja ikalisha nyumba mbili. Hao wamo kwenye makadirio.

Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Kongo imekuwa ikijiandaa kwa sensa ya pili kwa miaka mingi. Ikifika Fizi, isije na fomu ya Kinshasa peke yake. Iulize kijiji kinafungwa miezi gani, mgonjwa anabebwa saa ngapi hadi kwenye pikipiki ya kwanza, boti inatoka ufukwe upi, kamba ziko ngapi hadi sokoni. Imuulize kila mtu mzima alikuwa wapi mwaka 1996 na alirudi lini. Ichague Julai kama mwaka 1984, kwa kuwa RN5 inakuwa kavu na vijia vya Minembwe vinapitika. Kwenye bajeti, petroli ya boti za Ubwari na majaketi ya kuokolea viandikwe tangu mwanzo, na makarani wa huko waruhusiwe kuvuka asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa kusini wa kiangazi huchafua ziwa na kazi ya siku moja huweza kuchukua tatu.